Uso Unaoshika Juani: Miaka Yangu ya Kuuza Poda Kericho

Siku yangu ya kwanza kazini nilinawa uso mara nne kabla ya saa nne asubuhi. Sikuwa mchafu. Nilikuwa nimejipaka mafuta ya ng'ombe.

Ninyi wasichana wa siku hizi msicheke. Nasema yale mafuta mazito ya kopo ambayo mtu anapaka chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua ili zisipasuke. Huku kwetu kila boma lenye ng'ombe lilikuwa na hilo kopo, na kila mtu wa boma alijipaka: watoto miguu, wazee visigino, wasichana uso, hasa Jumapili. Uso usiong'aa ulihesabiwa ni uso wa njaa. Mama yangu hangekuruhusu uingie kanisani na uso mkavu, afadhali uingie bila viatu.

Mimi naitwa Bosibori. Ni Mkisii wa kuzaliwa, lakini nimekulia kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya chai, nje ya mji wa Kericho, ambako baba alikuwa mtu wa kupogoa michai. Shule niliacha darasa la tatu. Nilichuma majani miaka mitano, kikapu mgongoni, ndipo nikapata hii kazi, na niliipata kwa sababu ya mdomo. Kampuni moja ya Nairobi ya kuuza vipodozi, jina lake nitaliacha, ilikuwa inatafuta msichana anayejua Kikisii, Kipsigis na Kiswahili, na asiyeogopa kuongea na watu. Kuongea! Hata nyapara wetu wa shamba alisema, "Mchukueni huyo, labda sasa wengine watachuma." Hiyo ilikuwa miaka ya sitini na kitu, uhuru bado mpya, wasichana wameanza kuvaa gauni fupi na wachungaji wameanza kuzikemea.

Basi nimesimama ndani ya duka mjini Kericho, mahali kampuni ilikodi kaunta moja kando ya vitambaa, mbele ya Supavaiza wa Kanda. Alikuwa mama wa Kipsigis kutoka upande wa Bomet, mrefu, viatu vyeupe kama vya nesi, na sikuwahi kusikia akipandisha sauti. Alichukua kikaratasi chembamba, akakibonyeza kwenye paji langu, akakiinua juu kuelekea dirishani.

"Unaona nini?"

"Naona dirisha, Mama."

"Karatasi kavu haionyeshi dirisha. Hii inaonyesha kwa sababu imekunywa mafuta. Poda haikai juu ya mafuta, vile nyumba haikai juu ya tope. Nawa tena."

Mara ya nne ndiyo karatasi ilitoka kavu. Karatasi yenyewe ilikuwa ile nyembamba ya kutandika ndani ya kasha la chai kabla halijajazwa. Kiwandani vipande vilivyochanika vilikuwa vinatupwa. Yeye aliviomba kwa karani wa kiwanda, akavikata sawasawa kama kurasa za kitabu cha nyimbo. Akaniambia neno ambalo nimewaambia wasichana wote waliopita mkononi mwangu: jasho linabonyezwa, halifutwi. Ukifuta, unaondoka na poda. Ukibonyeza, karatasi inakunywa jasho na poda inabaki mahali pake.

Niwaelezee kidogo vitu tulivyouza, maana majina yamebadilika. Kulikuwa na krimu ya kupotea, hiyo unapaka na inaingia kwenye ngozi bila kuacha mng'ao. Juu yake kulikuwa na faundesheni, rangi nzito ya kusawazisha uso. Kisha poda ya kumwaga, ambayo ni unga mtupu, unaigonga kwa sponji. Na poda ya kubonyezwa, ile ya kikebe chenye kioo, ya kutembea nayo. Halafu lipstiki, na kalamu ya nyusi. Wanja wa mafuta sikuupenda, saa sita ukifika umeshuka mashavuni, mtu anaonekana kama amefiwa.

Shida ilikuwa rangi. Poda zilizoletwa zilikuwa namba moja, mbili na tatu, zote za waridi, zimepikwa kwa ajili ya bibi za wazungu wa mashamba. Ukimpaka mwanamke wa kwetu anakuwa wa majivu. Namba nne ilikuwa ya kahawia, na boksi zake zilikuwa nyuma ya stoo, chini kabisa, kamba haijafunguliwa. Bwana Meneja wa Mauzo alisema wanawake wetu hawataki kahawia. Aliwauliza lini, sijui.

Huyo Meneja alikaa Nairobi na alikuja mara moja kwa mwezi, tai shingoni hata kwenye tope. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu vitu vilivyoandikwa. Aliniweka kwenye majaribio ya miezi sita, na mwezi wa tano alikuja akasema wanawake wa nchi ya chai hawarudi kununua mara ya pili, kwa sababu jua likiwaka poda inatiririka. Akasema atakuja kuona mwenyewe nikifanya maonyesho sokoni Chepilat.

Watu wanadhani Kericho ni mvua tu. Mvua ipo, saa nane inakuja na mawe yake. Lakini Januari ikiingia kavu, jua la huku juu milimani linachoma kama pasi, na Chepilat hakuna kivuli isipokuwa cha lori.

Sasa hapa ndipo nilikosea, na nitasema ukweli. Chepilat ni mpakani. Upande ule ni watu wetu, Wakisii, na siku ya soko wanavuka na ndizi zao. Nilijua shangazi yangu atakuwepo, na majirani wa mama. Uso wangu ulikuwa umenawa vizuri, mkavu, kama nilivyofundishwa. Nikajitazama kwenye kioo cha gari ya kampuni, nikaona aibu. Nionekane mbele ya ukoo nikiwa na uso wa njaa, na huku nimeajiriwa? Nilikuwa na kakopo kangu mfukoni. Nikajipaka kidogo. Halafu nikaongeza kidogo. Juu yake faundesheni, juu yake poda.

Nilipanda kwenye boksi nikaanza kuongea. Dakika kumi nilikuwa mzuri kweli, hata shangazi alipiga kigelegele. Dakika ya kumi na tano nikasikia kitu kinatembea kwenye shingo.

"Ee, mama," muuza ndizi mmoja akasema, "huyu mtu anayeyuka!"

"Ni ugali umemwagiwa chai," akasema mwenzake.

"Bosibori!" Huyo ni shangazi, sauti soko zima. "Toka juani mtoto wetu, usituishie hapa!"

Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Mimi nikachukua hanchifu na kufanya kile nilichokatazwa, nikafuta. Nusu ya uso ikabaki kwenye kitambaa. Bwana Meneja alikuwa amesimama kando ya gari, hakucheka. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Jioni mjini aliongea na Supavaiza mbele yangu kana kwamba sipo. "Tufunge kaunta hii. Hali ya hewa haifai, na msichana hafai."

Supavaiza akasema, "Roret kuna harusi, wiki tatu kutoka leo. Ni binti ya katibu wa kamati ya wakulima wa chai, na wanawake watatoka mbali. Mwache amrembe bibi harusi. Uso ukishika kutoka kanisani mpaka keki, kaunta ibaki na yeye abaki."

"Na usiposhika?"

"Atarudi kwa kikapu."

Nataka mwelewe hicho kikapu. Kuchuma chai ni kazi ya heshima na imelea watoto wengi. Lakini miaka mitano kwenye kikapu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ninafikiri nini. Kwenye kaunta, mwanamke anasimama mbele yako na kusema, "Wewe unaonaje?" Hata bibi ya daktari. Mtu akishaonja hiyo ni ngumu kuiacha. Nililia usiku mmoja tu, kisha nikaanza kutafuta joto.

Mnauliza joto gani? Joto la kujaribia. Nilikuwa na rafiki, Nyaboke, aliyekuwa akichambua chai kiwandani, karibu na mashine ya kukaushia. Pale ndani kuna joto la tanuri mwaka mzima, nje kuwe na mvua au mawe. Nikamwambia, "Nyaboke, nipe uso wako wiki tatu." Akasema, "Chukua, mwenye kuuangalia yuko Nakuru."

Kila asubuhi kabla ya king'ora nilimpaka nusu hivi na nusu vile. Shavu la kushoto krimu nyingi, la kulia krimu kidogo. Kushoto poda mara moja nene, kulia poda mara tatu nyembamba, nikibonyeza karatasi katikati. Wakati wa chai nilisimama kwenye geti kukagua. Wanaume wa kupakia makasha walikuwa wanapiga kelele, "Nyaboke ana mabwana wawili, kila mmoja na shavu lake!" Naye anajibu, "Na bado kuna paji, njoo uombe."

Nilijifunza hivi. Uso unaoshwa, kisha unapanguswa kwa chai ya rangi iliyopoa, nzito sana, bila maziwa. Inakaza ngozi, mafuta yanachelewa kutoka. Bila sukari pia! Siku moja nilichukua iliyobaki ya kifungua kinywa bila kuonja, na Nyaboke alifuatwa na nzi mpaka msimamizi akamtoa kwenye mstari. Baada ya chai, krimu ya kupotea, kidogo kama punje ya maharagwe, na unangoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Watu wanapaka kitu juu ya kitu kabla cha chini hakijakauka. Faundesheni iweke puani na chini ya macho peke yake, kwingine acha. Kisha poda nyembamba mara tatu, kila mara karatasi. Lipstiki vilevile: paka, uma karatasi, gusa poda, paka tena.

Na rangi unaichagulia nje, mlangoni, kwenye mwanga wa Mungu, ukijaribu kwenye taya karibu na shingo. Kiganja kinadanganya. Niliingia stoo nikakata kamba ya namba nne. Shavu la Nyaboke lenye namba nne halikuonekana limepakwa kitu, lilionekana limelala vizuri. Hapo nilianza kupata tumaini.

Siku ya harusi tulifika Roret asubuhi, mimi na Supavaiza, ukungu bado uko juu ya mashamba. Bibi harusi, Chelangat, alikuwa msichana mpole mwenye ngozi ya mafuta. Nikamwosha, nikampangusa chai, nikabonyeza karatasi, ikatoka kavu kama biskuti. Nikageuka kuchukua krimu. Nilipogeuka tena, nyanya yake, ambaye wote walimwita Gogo, alikuwa ameingia na kibuyu, na viganja vyake vyote viwili viko kwenye uso wa msichana.

Samli. Siagi ya ng'ombe wa nyumbani, aliyoitengeneza mwenyewe mwezi mzima. Kwao msichana haondoki nyumbani bila kupakwa na nyanya yake. Hayo si mapambo, ni baraka. Alimpaka paji, mashavu, kidevu, akinong'ona maneno yake, na Chelangat alikuwa anang'aa kama sufuria mpya.

Mimi niliona kikapu. Nilikiona kabisa, na kamba zake.

Mkono wangu ulienda kwa taulo wenyewe. Gogo akaniona. Aliniuliza kwa Kipsigis, polepole, "Wewe mtoto wa watu, unataka kufuta nini?"

Shangazi watatu wa msichana walikuwa mlangoni. Supavaiza aliniangalia, naye alikuwa Mkipsigis, angeweza kusema neno, lakini hakusema. Baadaye aliniambia alitaka kujua kama nina kazi au nina mdomo tu.

Nikaweka taulo chini. Nikapiga magoti, maana yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda. "Gogo," nikasema, "sifuti. Mimi nimekatazwa kufuta. Mafuta yako yameingia, na yaliyoingia hakuna mtu anaweza kuyatoa. Yale yamebaki juu, jua la saa sita litayamwaga kwenye gauni, na watu watasema baraka ya Gogo imetiririka. Niruhusu niyakusanye, nikurudishie."

"Utakusanyaje mafuta?"

Nikatoa karatasi. Nikabonyeza shavu la Chelangat, nikainua. Karatasi ilikuwa imelowa, nikampa mkononi. Akaigeuza, akainusa, akaishika dirishani vile Supavaiza alivyofanya siku yangu ya kwanza, bila kufundishwa. Kisha akaipangusa kwenye mkono wa msichana, kutoka bega mpaka kiwiko.

"Lete nyingine," akasema.

Tulifanya hivyo karatasi kama thelathini. Mimi nabonyeza, yeye anapaka mikono, miguu, mgongo chini ya gauni. Shangazi mmoja akasema, "Gogo, leo amebarikiwa mpaka visigino." Gogo akajibu, "Wewe ulibarikiwa paji tu, ndiyo maana unaongea hivyo." Tukacheka sote, hata Supavaiza.

Lakini saa zilikuwa zimekwenda, na ngozi ilikuwa imekunywa samli. Nilianza upya na chai, nikangoja, nikapaka, nikangoja. Kwaya ilikuwa imeshafika getini inaimba na mimi bado nangoja krimu ikauke. Baba ya msichana alibisha mlango mara tatu. Gogo akamwambia arudi kwa wanaume wenzake.

Kanisa lilikuwa la mabati, halina dari. Saa sita mle ndani ungeweza kukausha chai. Mchungaji alihubiri kuhusu Yezebeli, akiniangalia mimi, na alihubiri akitokwa jasho mpaka kola ikalegea. Chelangat alikuwa anatoka jasho pia, nisiwadanganye, ni mtu. Lakini lilitoka kama umande, na msimamizi wake nilimpa karatasi ndani ya glavu, akawa anabonyeza wakati wa maombi, watu wamefumba macho. Lipstiki iliisha kwenye chakula, nikairudisha nyuma ya jiko. Nyusi ya kushoto ilififia kidogo. Hayo ninayasema kwa sababu nimechoka na watu wanaosimulia kazi zao kama hawakuwahi kukosea.

Saa kumi keki ikakatwa. Bwana Meneja alikuwa amefika, na alikuwa anasogea, anainama, anataka kuona uso lakini haya inamshika, maana ni bibi ya mtu. Gogo akaona. Akainuka na fimbo yake, akaenda mpaka mezani, akapitisha kiganja kwenye shavu la mjukuu wake, taratibu, kutoka jicho mpaka taya. Akageuka akamwonyesha Meneja kiganja.

"Hakuna kitu," akasema kwa Kiswahili. "Umeona? Imeshika."

Meneja alinitafuta nyuma ya umati. "Ulitumia nini, Bosibori?"

"Chai, Bwana Meneja. Na takataka za kiwanda. Na namba nne."

Jumatatu barua ya kunithibitisha kazini ikaja. Supavaiza alinisomea kwa sababu maneno yalikuwa marefu, nami nikaandika jina langu chini kwa herufi za darasa la tatu. Wiki hiyo boksi zote za namba nne zilitolewa nyuma zikawekwa mbele.

Nilifanya hiyo kazi mpaka mwisho wa miaka ya sabini. Nilipelekwa Kedowa, nikapelekwa Bomet, nikarudishwa Kericho mjini. Supavaiza sikuwahi kuwa. Ripoti inataka mtu wa kuandika, na alipostaafu yule mama, aliletwa kijana mwenye cheti ambaye hakujua lipstiki inaanzia upande gani wa mdomo. Iliniuma. Lakini wasichana aliowaajiri aliwaleta kwangu wafundishwe, na niliwafundisha kwa mdomo na kwa karatasi. Kuna kitu kimoja nilikataa, krimu za kuchubua ngozi, zilipoanza kuletwa. Mwaka wa kwanza niliziuza, sitaficha. Kisha mwanamke mmoja wa Bomet alirudi na mashavu yamebabuka, akaniuliza, "Wewe unaonaje?" Sikuziuza tena, na Meneja aliponigombeza nikamwambia anitume popote anapotaka, siziuzi.

Kampuni ilipoacha mambo ya gari na masoko, niliagwa vizuri, nikarudi Kedowa ninakokaa sasa. Sikukaa bure. Nyuso hazistaafu. Kila Desemba na Januari magari yananijia hapa na mabibi harusi, na siku hizi naona wanakuja wameshajua rangi yao wenyewe. Madukani kuna kahawia za kila aina, nyingine nzito kama udongo wa huku, nyingine nyepesi kama asali, na msichana anatoka mlangoni na kioo chake, anajaribu kwenye taya bila kuambiwa na mtu. Mimi nikiona hivyo moyo unatulia. Macho yangu yamefifia, lakini vidole bado vinajua ngozi ya mafuta na ngozi kavu, na vinajua krimu ikikauka.

Juzi mmoja aliketi kwenye hiki kiti, jua la nje linawaka kama moto wa kuni, akaniuliza kama uso utashika mpaka jioni. Nikamwambia utashika jua, utashika jasho, utashika mabusu ya shangazi zake wote. Machozi sikumwahidi. Akiona mama yake akilia na yeye alie tu, asijizuie kwa ajili ya poda yangu. Nitakuwa hapo nyuma na karatasi.